Msaada: viwango vya teknolojia kwa wanafunzi na walimu, nianzie wapi?

Mwl. Chaki
Wakuu, habari za leo. Mkuu wa shule kanitwisha kazi ya kuandaa viwango vya teknolojia vya shule yetu. Nimepitia vya ISTE (ile jumuiya ya kimataifa ya teknolojia katika elimu), vya UNESCO na vya Umoja wa Ulaya, kichwa kinauma. Rasimu yangu inasema "mwanafunzi ajue kuchapa na kutengeneza slaidi." Wenzangu wanaona inatosha, mimi siridhiki. Mnanishaurije?

Kalamu Butu
Mwalimu, hiyo ni orodha ya programu, na programu hazikai. Hata ISTE, vile vya wanafunzi vya 1998 vilianza na uendeshaji wa vifaa. Toleo la 2016 linauliza mwanafunzi anajifunzaje, anabunije, anashirikianaje na wenzake. Futa "atengeneze slaidi", andika "asome habari moja kwenye vyanzo viwili vinavyopingana, aseme anaamini kipi na kwa nini". Hapo una kitu cha kupima, slaidi ziwepo zisiwepo.

Mama Maktaba
Naunga mkono, ila mbona walimu mmewaruka? Ukianza na wanafunzi, mwalimu ataumbuka mbele ya darasa lake. Chukua mfumo wa UNESCO wa 2018: vipengele 6, kila kimoja ngazi 3, jumla stadi 18. Usiwabebeshe zote! Kila mmoja ajipime, achague stadi moja ya muhula. Na isije ikageuzwa fomu ya ukaguzi, maana wote watajijazia "vizuri sana" na hutajua nani anahitaji msaada.

Zimwi la Data
Ule wa Ulaya, DigCompEdu wa 2017, una stadi 22. Nyingi mno kwa kuanzia. Ila ngazi zake, A1 ya chini kabisa hadi C2 ya juu kabisa kama za kujifunza lugha, zinaeleweka haraka.

Mwl. Chaki
Shukrani. Sasa kompyuta zenyewe hazitoshi, wanafunzi wanagombea kipanya.

Kalamu Butu
Waweke watatu watatu. Mmoja anashika kipanya, wa pili anaelekeza bila kugusa, wa tatu anaandika walipokwama, kisha wanabadilishana. Huyo anayeelekeza ndiye wa kumwangalia: akishindwa kueleza hatua, bado hajaelewa.

Mama Maktaba
Usisahau nywila, na kutosambaza picha ya mwenzako bila ruhusa. Hilo liwahusu na walimu, tena wao kwanza. Rasimu mpya ikiwa tayari, ilete hapa tuichambue.