Kumpandisha mzee Mlima Satima: tuanzie Nyandarua au Nyeri?

Wa_Ndaragwa: Wadau, naomba ushauri. Mzee wangu ana miaka 62, mzaliwa wa Ndaragwa. Tangu utotoni anautazama mlima wa Satima kila alfajiri akienda kukama, ila juu hajawahi kufika. Mwezi wa pili nataka nimpeleke. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Aberdare, kilele kiko mpakani mwa kaunti za Nyandarua na Nyeri, na kila ninayemuuliza anavutia kwao. Tuanzie wapi? Na askari ni lazima, au ni njia tu ya kula pesa zetu?

Viazi_Karai: Lango la Shamata, upande wa Nyandarua, ndugu yangu. Mko jirani, na njia hiyo inapita Meno ya Joka, yale majabali yaliyochongoka. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki usimkwepe. Mle mna nyati, na nyati hajali kama we ni mwenyeji.

Mama_Tano: Kiingilio mlipe kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, mkiwa bado nyumbani. Langoni noti hazisaidii, na mtandao huko ni wa kubahatisha.

Mnyeri_Halisi: Shamata, nakubali kwa shingo upande. Lakini mzee apimwe presha kwanza. Pale kileleni ni karibu mita 4,000, mlima wa tatu kwa urefu Kenya baada ya Mlima Kenya na Elgon. Kichwa kikianza kumgonga, mshuke hata kama kilele mnakiona. Mjomba wangu alijikaza kiume, akaishia kutapika, tukamshusha tumemshika makwapa.

Soksi_Moja: Hamjagusa viatu! Mimi nilienda na vya elfu kumi na tano. Huko juu nyasi zimeota mafungu mafungu, katikati ni tope jeusi lililojificha. Nikakanyaga katikati. Mguu ukazama hadi goti, nikauvuta, ukatoka na soksi peke yake. Askari wetu alikuwa na gamubuti za kawaida kabisa, amesimama ananicheka. Mwezi wa pili ni sawa, kabla ya mvua za Machi, ila tope halikauki lote. Saa kumi na mbili asubuhi muwe langoni, kwa sababu mchana ukungu ukishuka hamtaona kitu.

Wa_Ndaragwa: Asanteni sana. Nimemsomea mzee yote. Ya nyati hayakumshtua. Ameuliza tu kama akiwa juu ataliona boma lake, kisha akatoka kwenda kuosha gamubuti.