Mrejesho: Yule mteja wa michoro amelipa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje na mteja hapa Kisumu aliyechukua michoro 12 ya kitabu cha watoto, akalipa arubuni tu, kisha akaanza kunizungusha. Salio lilikuwa shilingi 18,000.

Amelipa! Nilifuata ushauri wenu: nikamwandikia barua ya madai, nikampa siku 7, nikamkumbusha kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na naweza kwenda bila wakili. Siku ya tano pesa zikaingia kwa M-Pesa.

Lakini kilichoniuma ni kingine. Ule mchoro wa mama anayeanika omena ufuoni Dunga, niliourudia mara tatu mpaka vidole vyake vikakaa sawa juu ya wavu, nimeukuta kwenye fulana. Nilidhani ni wangu. Kumbe kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa inahamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Sisi tulikuwa na jumbe za WhatsApp za bei na tarehe tu. Nililia, nawaambia ukweli.

Sasa nina mkataba wa ukurasa mmoja: nusu ya malipo kabla sijashika penseli, marekebisho mawili, hakimiliki inabaki kwangu na mteja anapata ruhusa ya kuchapa kitabu pekee. Mteja mpya wa Kakamega aliutia sahihi jana bila kusita. Asanteni sana, hasa dada aliyenitumia nakala ya mkataba wake.