MJADALA: Je, Jamhuri ya Cheki ilikosea kuwagawia raia viwanda kwa vocha?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naleta hapa hoja ambayo kwa zaidi ya miaka 30 imewagawanya wachumi, wanasiasa na raia wa kawaida wa Jamhuri ya Cheki: je, serikali yao ilitenda haki ilipowagawia wananchi viwanda vya taifa kwa vocha, yaani vitabu vya pointi za kubadilishia hisa, tena kwa haraka, badala ya kutunga sheria kwanza na kutafuta wanunuzi wenye mtaji na ujuzi? Mimi nasema kugawa hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kugawa mali huku mabenki makubwa yakibaki mikononi mwa serikali na mwenye hisa chache akiachwa bila mlinzi.

Nchi yenyewe iko katikati ya Ulaya, haina bahari, na imezungukwa na Ujerumani, Polandi, Slovakia na Austria. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 79,000, na watu wake ni zaidi kidogo ya milioni 10. Hadi mwisho wa mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya Chekoslovakia, ambayo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotaifisha uchumi kwa ukamilifu zaidi katika kambi nzima ya kisoshalisti ya Ulaya. Polandi iliwaachia wakulima wengi mashamba yao, na Hungaria ilivumilia biashara ndogo za watu binafsi, lakini Prague, mji mkuu, hata mgahawa wa mtaani ulikuwa mali ya umma au ya ushirika. Kwa hiyo utawala wa kikomunisti ulipoanguka Novemba 1989, na Václav Havel akawa rais mwezi uliofuata, swali kubwa kuliko yote lilikuwa nani awe mwenye mali.

Václav Klaus, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alitaka mwendo wa kasi. Tarehe 1 Januari 1991 bei za bidhaa nyingi ziliachiwa zijipange sokoni. Mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 57 mwaka huo, na uzalishaji ukaporomoka kwa zaidi ya asilimia 10. Mwezi huohuo ikaanza minada ya maduka, migahawa na karakana. Sehemu hii haina ubishi mkubwa, kwa sababu aliyenunua duka alilisimamia mwenyewe, akapata faida au hasara yake mwenyewe, na mitaa ya miji ikabadilika sura ndani ya muda mfupi.

Sambamba na minada kulikuwa na kurejesha mali kwa waliopokonywa, na hapa kuna jambo linaloifikia Afrika Mashariki. Wengi wetu tumevaa viatu vya Bata, na wasomaji wa Kenya wanakijua kiwanda cha Limuru. Kampuni hiyo ilizaliwa Zlín, mji wa Moravia, yaani eneo la mashariki mwa nchi, mwaka 1894. Tomas Bata, mwana wa mwanzilishi, ambaye kwa miongo mingi alikuwa akiiongoza kampuni kutoka Kanada, alirudi Zlín Desemba 1989 na umati mkubwa ukampokea. Hata hivyo, sheria ya kurejesha mali iliwahusu waliopokonywa baada ya tarehe 25 Februari 1948, siku wakomunisti walipotwaa madaraka, ilhali viwanda vya Bata nchini humo vilitaifishwa mwaka 1945. Mpaka huo wa tarehe uliwekwa kwa kuwa kurudi nyuma zaidi kungefungua madai ya Wajerumani waliofukuzwa nchini humo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Naielewa hofu hiyo, lakini nasikitika kwamba familia iliyojua hasa namna ya kuendesha kiwanda haikurudishiwa kiwanda chake kwa sheria hiyo.

Sasa niingie kwenye vocha zenyewe. Kila raia mwenye umri wa kuanzia miaka 18 aliruhusiwa kununua kitabu cha pointi 1,000 kwa koruna (fedha ya nchi hiyo) 1,035, yaani zaidi kidogo ya robo ya mshahara wa wastani wa mwezi, kisha akazitumia pointi hizo kuomba hisa za makampuni aliyoyachagua. Mwanzoni watu walisita. Kilichowatoa majumbani ni matangazo ya mifuko ya uwekezaji, yaani makampuni yaliyokusanya pointi za watu wengi na kuchagua hisa kwa niaba yao, hasa ile ya Viktor Kožený, kijana aliyesoma Harvard na akaibandika mifuko yake jina hilo ingawa haikuwa na uhusiano na chuo. Aliahidi kumlipa kila atakayemkabidhi pointi zake mara kumi ya bei ya kitabu, baada ya mwaka mmoja na siku moja. Zaidi ya watu 800,000 walimkabidhi. Katika awamu ya kwanza, iliyohusu Chekoslovakia nzima, walijiandikisha takriban milioni 8.5, na katika awamu ya pili, ambayo ilifanyika Jamhuri ya Cheki peke yake mwaka 1993 hadi 1994, wakajiandikisha zaidi ya milioni 6.

Tazameni kilichofuata. Katika awamu ya kwanza, takriban asilimia 70 ya pointi zote ziliishia kwenye mifuko ya uwekezaji. Mingi ya mifuko mikubwa ilianzishwa na mabenki, na katika mabenki makubwa serikali ilibaki na hisa nyingi kupitia Mfuko wa Mali ya Taifa, chombo cha serikali kilichoshikilia mali iliyosubiri kubinafsishwa. Benki ikawa inamiliki mfuko, mfuko unamiliki kiwanda, na kiwanda kinakopa kwenye benki ileile. Meneja wa kiwanda kinachokufa hakunyimwa mkopo, kwa sababu kumnyima kungeonyesha kwamba hisa za mfuko hazina thamani. Tunaita ubinafsishaji kitu ambacho ndani yake dola ilikuwa bado imekaa, imevaa nguo nyingine.

Penye kiza hicho wajanja walifanya kazi yao. Aliyekamata uongozi wa kampuni au wa mfuko aliunda kampuni yake pembeni, akaiuzia mali nzuri kwa bei ya kutupa, au akanunua kwake malighafi kwa bei ya juu, na kampuni ya wanahisa wengi ikabaki na majengo na madeni. Wacheki huuita wizi huu tunelování, yaani kuchimba handaki chini ya kampuni. Tume ya kusimamia soko la mitaji iliundwa mwaka 1998 tu, ilhali soko la hisa la Prague lilikuwa limefunguliwa upya tangu 1993. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa miaka mitano daftari halikuwepo. Kožený alihamia Bahamas katikati ya miaka ya 1990, na mahakama ya Prague ikamhukumu kifungo cha miaka 10 mwaka 2010 bila yeye kuwepo.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wanaoamini kwamba vocha zilikuwa njia sahihi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo, lakini naona umehukumu kwa kutazama yaliyotokea baadaye, bila kupima njia zilizokuwa wazi mwaka 1991. Wananchi waliishi chini ya mfumo ambao haukuruhusu mtu kujilimbikizia mtaji. Aliyekuwa na fedha za kununua kiwanda kizima alikuwa mgeni, au ni yule aliyechuma kwa magendo, au ofisa wa chama aliyejua siri za kampuni. Ukisema viwanda vyote vingeuzwa kwa fedha taslimu, unasema vingeuzwa kwa watu hao.

Hungaria, ambayo nayo haina bahari, ilichagua kuuza kwa wageni. Ilifanya hivyo kwa sababu deni lake la nje lilikuwa kubwa kuliko la jirani zake kwa hesabu ya kila mkazi, nayo ilihitaji fedha za kigeni kwa udi na uvumba. Chekoslovakia haikuwa na mzigo huo, kwa hiyo ilikuwa na nafasi ya kuwafikiria raia wake kwanza. Hata hivyo haikuwafungia wageni milango: Škoda, kiwanda cha magari cha mji wa Mladá Boleslav, ilikubaliana na Volkswagen ya Ujerumani mwaka 1991, na kufikia mwaka 2000 Volkswagen ilikuwa imeichukua yote. Njia mbili ziliendeshwa pamoja.

Na umepita kimya kimya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko mengine, nalo ni amani. Kubadilisha umiliki wa karibu uchumi mzima, kufuta bei za serikali na kugawanya nchi kuwa mbili tarehe 1 Januari 1993 bila risasi hata moja kupigwa, huku ukosefu wa ajira Jamhuri ya Cheki ukibaki chini ya asilimia 5 kwa miaka kadhaa, si kazi ndogo. Mwananchi aliyekuwa na kitabu cha pointi mkononi alijiona mshiriki wa mageuzi. Ungemwambia asubiri miaka mitano sheria zikamilike, mameneja wa zamani wangekuwa wameshabeba mali usiku, kama ilivyoanza kutokea katika nchi kadhaa zilizosubiri.

Mchangiaji wa pili

Mimi naongeza mfano mmoja tu, wa Slovakia, kwa kuwa pande zote mbili mmeuruka. Baada ya kutengana, serikali ya Waziri Mkuu Vladimír Mečiar ilifuta awamu ya pili ya vocha mwaka 1995, ikawapa waliojiandikisha hatifungani za Mfuko wa Mali ya Taifa wa nchi hiyo, za koruna 10,000 kila mmoja, na makampuni mengi yakauzwa moja kwa moja, kwa bei nafuu, kwa mameneja na watu waliokuwa karibu na watawala. Kiwanda kikubwa cha chuma cha VSŽ huko Košice kilishindwa kulipa madeni yake mwaka 1998, na mwaka 2000 kikachukuliwa na U.S. Steel ya Marekani. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuacha vocha kungezuia ufisadi, atueleze Slovakia ilikwama wapi, maana kule mali haikugawiwa raia na bado iliishia kwa wachache.

Mleta mada

Nawashukuru ndugu zangu, na nianze na mchangiaji wa pili, kwa sababu mfano wake unaunga mkono hoja yangu. Slovakia iliacha vocha lakini haikuweka msimamizi wala haikuyatoa mabenki mikononi mwa wanasiasa, na ikavuna mavuno yaleyale. Njia za kuhamisha mali zilikuwa mbili tofauti, upungufu ulikuwa mmoja.

Kwa mchangiaji wa kwanza: nakubali kwamba amani ilikuwa na thamani, na sidai kwamba viwanda vyote vingeuzwa kwa wageni. Lakini ile ajira unayoisifu ilitoka wapi? Kwa sehemu ilitoka katika utalii, huduma na biashara ndogo, na hilo ni jema. Kwa sehemu nyingine ilitoka katika viwanda ambavyo havikupunguza wafanyakazi kwa kuwa benki ziliendelea kuvikopesha. Hesabu ilikuja kudaiwa. Mei 1997 koruna ilishambuliwa na walanguzi wa fedha, benki kuu ikaacha kuishikilia thamani yake, na uchumi ukasinyaa. Serikali ya Klaus, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, ilijiuzulu Novemba mwaka huohuo kwa kashfa ya fedha za chama, na kufikia 1999 ukosefu wa ajira ulikuwa umekaribia asilimia 9. Wale waliobakizwa kazini kwa mikopo chechefu walifukuzwa hatimaye, tena wakiwa na umri mkubwa zaidi na katika wakati mgumu zaidi.

Kisha mabenki yakauzwa, jambo lililokuwa likiepukwa tangu mwanzo. ČSOB ilikwenda kwa KBC ya Ubelgiji mwaka 1999, Česká spořitelna kwa Erste ya Austria mwaka 2000, na Komerční banka kwa Société Générale ya Ufaransa mwaka 2001. IPB, benki nyingine kubwa, ilianguka Juni 2000, ikawekwa chini ya usimamizi wa lazima na kukabidhiwa ČSOB. Kabla wanunuzi hawajazichukua, serikali iliondoa mikopo mibovu kwenye vitabu vya benki hizo, na gharama ilikuwa mamia ya mabilioni ya koruna, ambayo walipa kodi ndio walioibeba. Yaani raia aliyelipa koruna 1,035 ili awe mmiliki alirudi kulipa mara ya pili kama mlipa kodi, na mara hii hakuulizwa.

Najua nitaambiwa kwamba nchi hiyo iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na kwamba leo pato lake kwa kila mkazi, ukizingatia bei za kule, liko karibu na asilimia 90 ya wastani wa umoja huo. Ni kweli, na nafurahi kwa ajili yao. Ila ukitazama yaliyochangia kufika hapo, utaona viwanda vilivyopata mwenye mali anayeonekana, mabenki yaliyoanza kusema hapana, na mahakama zilizojifunza taratibu kesi za wanahisa. Mengi ya hayo yalikuja baada ya 1997. Ningependa mchangiaji wa kwanza anijibu hili moja: kwa kuwa serikali iliweza kuchapisha mamilioni ya vitabu vya pointi na kuendesha mnada wa kitaifa kwa kompyuta mwaka 1992, ni nini kilichoizuia kuunda, mwaka huohuo, ofisi ya watu mia moja wa kukagua mifuko iliyozikusanya pointi hizo?