Tupeane uzoefu: simu yenye betri isiyotoka imekufanyia nini?

Mleta mada

Wakuu, kwema?

Juzi nilikuwa hospitali na mama. Daktari ameandika kipimo, dirishani wanataka malipo, na hela yote iko kwenye simu. Simu inasoma asilimia 23. Naingiza namba ya siri, kioo kikawa cheusi. Nikaiwasha, ikaonyesha nembo tu, ikazima tena. Mama yuko kwenye benchi ameshika tama, mimi nazunguka kuomba chaja kwa watu nisiowajua.

Simu yenyewe haijafika miaka mitatu. Kioo hakina mchubuko, kamera safi, kila kitu kizima isipokuwa betri. Enzi zile ningekuwa na betri ya pili mfukoni: unafungua mfuniko kwa ukucha, unabadilisha, unaendelea. Hii imegandishwa kwa gundi. Fundi akaniambia niiache mpaka jioni, tena nimwachie na namba ya kufungulia ili aijaribu. Humo ndani kuna miamala yangu, picha za wanangu, meseji za kazini. Nilikataa, nikakaa pale pale kwenye stuli zaidi ya saa tatu nikiitazama. Betri shilingi 35,000. Mfuniko wa nyuma ukapasuka wakati wa kufungua, nikaongeza 15,000.

Betri ni kama tairi, kila mtu anajua itaisha. Tairi ikiisha hatuchani bodi ya gari.

Nani mwingine yamemkuta? Na mliofanikiwa kuitunza ikadumu, tuambieni mlifanyaje.

Mwalimu, Sengerema

Pole sana, mkuu, na mama apone haraka.

Yangu ilivimba. Nilianza kuona mwanga unapenya pembeni ya kioo usiku, nikadhani gundi imeachia. Nikaikaza kwa rababendi mbili na kuendelea kuichaji hivyo kwa wiki mbili, naiweka chini ya mto. Nilipoipeleka kwa fundi alizikata zile rababendi taratibu, akaiweka nje kwenye ndoo ya mchanga kabla hajaniambia neno. Betri ilikuwa imetuna kama andazi. Ningekuwa na simu ya kufunguka ningeiona siku ya kwanza. Iliyofungwa inavimba kimyakimya, unakuja kushtuka kioo kimeinuka.

Dereva wa bodaboda, Tegeta

Mimi nimemaliza betri mbili ndani ya mwaka mmoja. Simu iko kwenye usukani kuanzia saa mbili asubuhi, ramani imewaka, jua la Dar linaipiga, na waya wa chaji kutoka kwenye pikipiki umechomekwa muda wote. Ukiigusa mchana inaunguza. Siku hizi nimeitengenezea kofia ya kava jeupe, na kuanzia saa sita hadi saa tisa sichaji kabisa. Hii ya tatu ina miezi 14 na bado inanifikisha jioni.

Fundi simu, Kariakoo

Wakuu, niseme ya upande wetu.

Betri hizi za lithiamu huchakaa hata ukizitunza. Nyingi zimetengenezwa zistahimili kama mizunguko 500 kabla uwezo haujashuka kufika asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 iliyotumika, hata kama umeitumia kwa siku mbili, 50 na 50. Kwa anayemaliza chaji kila siku, huo ni mwaka mmoja na nusu hivi. Adui mkubwa ni joto, kama alivyosema dereva. Anayefuata ni kuiacha imejaa 100 masaa mengi au kuikausha mpaka sifuri. Ya mleta mada kuzima kwenye 23 ni dalili ya uzee: betri iliyochoka ukiidai nguvu nyingi kwa mkupuo, umeme wake unaporomoka na simu inajizima.

Mwalimu umeponea chupuchupu. Ile ni gesi. Betri iliyovimba usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji.

Kuhusu kufungwa, wanatuambia ni ili simu iwe nyembamba na isiingie maji. Kuna ukweli hapo. Lakini Galaxy S5 ya mwaka 2014 mfuniko wake ulifunguka kwa ukucha na bado ilikuwa na kinga ya maji ya IP67. Mwaka uliofuata S6 ikaja imefungwa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha kanuni mwaka 2023: kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vya mkononi ziwe za kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, ingawa kanuni ina misamaha yake.

Na fundi akichokonoa betri kwa bisibisi, mzuie. Anatakiwa apashe mfuniko moto kidogo, adondoshee spiriti kwenye gundi, asubiri. Kinachotuharibia ni haraka.

Mleta mada

Asante fundi. Na betri feki tunazitambuaje?

Fundi simu, Kariakoo

Ishike mkononi pamoja na ile ya zamani. Ikiwa nyepesi kuliko ya zamani huku karatasi yake imeandikwa uwezo mkubwa, mfano mAh 5000, achana nayo.

Mkulima, Tunduru

Naomba niongeze ya kijijini. Kabla ya umeme tulikuwa tunachajisha kwenye kibanda cha sola, shilingi 300. Nilikuwa na BL-5C mbili, zile betri za kutoka za Nokia za batani. Moja naiacha kibandani, imebandikwa kipande cha plasta chenye namba yangu, nyingine iko kwenye simu na mimi niko shamba napatikana. Zilipokuja hizi za kufungwa ikabidi uache simu nzima siku nzima kwenye meza ya mtu, na hela zako ndani. Shemeji yangu alirudi jioni akakuta ya kwake imechukuliwa na mwingine, plasta zilibadilishana.

Moja ya zile BL-5C bado ninayo, iko kwenye redio ndogo ya mama. Jana nimeichaji kwa chaja ya kobe, akasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku mpaka mwisho.