Kitabu gani cha magari unatamani mtu angekiandika? Tupeane uzoefu

GiaYaTatu

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa nasafisha droo ya dashibodi ya Fielder yangu ya 2008, nikakutana na kitabu chake cha Kijapani. Kinene, michoro safi kabisa, na ninachoweza kusoma humo ni namba za kurasa tu. Nikakaa kwenye kiti cha dereva nikacheka peke yangu, kwa hasira.

Mwaka juzi nilipeleka gari kubadilisha mafuta ya giaboksi. Giaboksi yenyewe ni CVT, haina zile gia tulizozoea. Ndani kuna mkanda wa chuma na puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa ili chuma kikamate chuma bila kuteleza. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua ni "otomatiki", basi. Fundi akafungua dumu la haidroliki nyekundu. Nikamuuliza, ndiyo yenyewe hii? Akasema, "Bosi, otomatiki zote zinakunywa nyekundu." Alivyolisema kwa uhakika, nikaona hata aibu kuuliza mara ya pili.

Wiki ya tatu natoka Chalinze, mama mkwe kakaa mbele. Kabla ya Mlandizi, kilima cha kawaida tu, gari ikaanza kulia. Mshale wa mizunguko uko elfu nne, spidi inashuka: sitini, arobaini, ishirini. Injini inapiga kelele kama mbuzi wa Idd, gari inatembea kama mtu aliyefiwa. Malori yananipita na honi juu. Mama mkwe akauliza kwa upole, "Baba, kwani mafuta yamekwisha?" Nikasema ndiyo mama. Ningeanzia wapi kumweleza?

Giaboksi ya mtumba, milioni moja na laki nane, ufundi mbali. Gari imeshapona ndipo mpwa wangu wa kidato cha pili akaelekeza kamera ya simu kwenye kile kitabu, simu ikatafsiri: tumia mafuta ya CVT tu, mengine yataharibu giaboksi. Maneno hayo yalikuwa kwenye droo siku zote, karibu na goti langu.

Kwa hiyo mimi nataka kitabu cha Kiswahili kuhusu haya haya magari ya mtumba tunayoendesha, kiandikwe na mtu aliyewahi kushika spana. Wewe unataka kipi, na nini kilikufanya ukitamani? Nawasilisha.

Bolojointi

"Zinakunywa nyekundu" nimeisikia na mimi, kwenye Ractis yangu. Sina la kuongeza, bado nauguza.

MwalimuMstaafu

Uzi mzuri. Ila ni "gari linatembea", siyo "inatembea". Gari, magari.

Bolojointi

Mwalimu shikamoo. Likichemsha au ikichemsha, rejeta ni ile ile na maji yanakwisha yale yale.

FundiMbishi

Mnatulaumu sana mafundi. Mimi niliingia gereji 1996, miaka miwili ya kwanza nafua ovaroli za fundi mkuu na kumchukulia chai, ndipo akaniruhusu kushika plagi. Kitabu sikukiona hata kimoja. Tulichofundishwa ni kusikiliza. "Unasikia hiyo? Hiyo ni metali. Unasikia hiyo? Hiyo ni tapeti." Siku nyingine unapigwa konzi kwa kutosikia.

Halafu zikaja injini za D4 za Toyota. Nani alituambia D4 ni nini? Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, pampu yake ni ya hatari, haitaki uchafu hata chembe. Sisi tukaziosha kama tulivyoosha kabureta, kwa brashi ya mswaki na petroli ya kopo. Tumeua injini za watu kwa kujifunza, nakiri hapa mbele ya wote.

Kitabu changu ni hicho: kila fundi aandike injini aliyoiua na jinsi alivyoiua. Mimi peke yangu nina sura tatu, na ya pili ni ya gari ya shemeji.

GiaYaTatu

Fundi, leo nimekusamehe kwa niaba ya yule mwenzio.

MamaWawili

Mimi mnitungie kamusi ya lugha ya mafundi. "Naimalizia" maana yake hajaanza. "Imebaki kufunga bampa tu", injini iko chini sakafuni. "Spea yake imeadimika", ameshaipata asubuhi kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, anafikiria akutajie bei gani. Na ukiona nati nne mezani ukaambiwa "hizi zilikuwa za ziada", dada yangu, usipande hiyo gari.

FundiMbishi

Ya nati za ziada ni kweli huwa zipo.

MamaWawili

Wenzangu mmesikia?

KijanaWaVoi

Salamu kutoka Kenya. Mimi nataka kitabu cha Safari Rally, lakini si cha madereva. Cha madereva picha zipo, vikombe vipo. Ilianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, wakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. 1963 magari zaidi ya 80 yakaondoka, yakamaliza 7. Joginder Singh akashinda 1965 na Volvo, akarudi 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Hayo kila mpenzi wa magari anayajua.

Mimi nataka kitabu cha waliosukuma. Pasaka moja miaka ya themanini, nina miaka tisa, mvua imenyesha usiku kucha, tumesimama kando ya barabara tangu alfajiri na mihogo mfukoni. Magari ya timu kubwa yakapita kama radi, matope mpaka kwenye nywele. Baada ya saa nzima ikaja Subaru moja ya dereva wa kujitegemea, ikazama mbele yetu mpaka mlangoni. Hakuna aliyeitwa. Tulijikuta tumeishika. Mzee mmoja anahesabu kwa Kitaita, sisi tunasukuma, gurudumu linanimwagia tope kinywani. Ilipong'oka iling'oka na kiatu changu cha shule. Dereva alitoa mkono nje, akapunga, akaenda. Sikujua alimaliza wa ngapi, na nyumbani nilichapwa kwa kiatu.

Mashindano yalipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 nilihuzunika kama mtu. Yaliporudi 2021 nilikwenda Naivasha na mwanangu. Nilimnunulia gambuti.

DarKwaGari

Umesahau makusudi kwamba 1966 na 1967 mshindi alitoka Dar es Salaam. Bert Shankland, Peugeot 404. Andikeni na hiyo.

KijanaWaVoi

Huyo alikuwa Mskoti, bwana.

DarKwaGari

Akikaa Dar. Na Joginder jina lake ni la Kigiriyama?

KijanaWaVoi

Joginder alizaliwa Kericho! Simba wa Kenya huyo.

Bolojointi

Nimevuta kiti. Endeleeni.

MwalimuMstaafu

Turudi kwenye mada jamani.

MjukuuWaTabora

Nilikuwa nasoma tu, sikuwa na nia ya kuchangia. Huyu wa mihogo ameniamsha.

Mzee wangu alikuwa na Land Rover 109, injini ya petroli ya lita 2.25, Tabora. Wanaozijua wanajua ugonjwa wake: hafu shafti za nyuma, zile fito za chuma zinazozungusha magurudumu. Ukiwa na mzigo kwenye mchanga, unasikia "ta!", gari limekaa. Enzi zile spea huzipati dukani kwa kutaka. Unasubiri kibali, unasubiri mtu anayekwenda Nairobi. Mzee akawa anaweka akiba kidogo kidogo: pistoni nne na ringi zake, metali za krenki, gasketi, kabureta, hafu shafti mbili.

Ikafika 1983, msako wa wahujumu uchumi, wakati wa Waziri Mkuu Sokoine. Watu wanatupa sukari mtoni, wanatupa vitenge barabarani usiku, kwa sababu ukikutwa na kitu huna risiti yake una kesi. Mzee risiti angepata wapi? Nina miaka saba, naamshwa saa tisa usiku nishike kibatari. Mzee na kaka yangu wanachimba shambani, kimya, mama amesimama mlangoni anasikiliza barabara. Vidogo wakavipaka grisi wakavitia kwenye debe la mafuta ya kupikia. Hafu shafti hazikuingia. Mzee akachukua tyubu ya tairi, akaikata, akazivisha kama soksi, akafunga ncha zote mbili kwa waya. Akazilaza shimoni polepole. Nakumbuka nilidhani tunazika mtu.

Hakuna aliyekuja kupekua. Lakini mzee hakuzifukua, kwa woga wa mwaka ule, kisha Land Rover ikawekwa juu ya mawe, kisha uzee. Alifariki 2005. Tulipopekua sanduku lake tukakuta daftari. Tangu 1974 aliandika kila kitu cha lile gari: lita alizotia, mji, bei, pancha, jina la aliyemsaidia kuvuta. "Sikonge, klachi, nimelala kwa katekista." Kila siku ya safari iko humo. Ukurasa wa 1983 una maneno matatu tu: "Mpapai wa tatu."

2006 tulifukua. Debe lilikuwa limeoza, gasketi udongo, kabureta chokaa. Pistoni zimeshikana na ringi. Metali zilipona, grisi ilikuwa bado nyeusi. Tukakata ile tyubu kwa kisu. Hafu shafti zikatoka ziking'aa, unaona uso wako. Moja iko ndani ya hilo gari mpaka leo, na gari linatembea.

DarKwaGari

Mkuu hii chai, tena sukari imezidi. Mpapai unaishi miaka 23?

MjukuuWaTabora

Ndiyo maana tulichimba siku tatu! Mipapai ilishakufa zamani. Mama ndiye alikwenda akasimama uwanjani, akageuka mara mbili, akasema "hapa nilikuwa naanikia mihogo, chimbeni kulia."

DarKwaGari

Hapo nimekaa chini. Samahani mkuu.

FundiMbishi

Tyubu na waya. Huyo mzee alikuwa fundi, msibishane.

GiaYaTatu

Naomba uzi uhamie kwenye hilo daftari. Tupia picha hata ya ukurasa mmoja.

Cruza70

Kisa kizuri, ila mngekuwa na Land Cruiser msingehitaji kuzika chochote.

MjukuuWaTabora

Ndugu, sina nguvu hizo leo.

BintiPeugeot

Jumapili saa nane! Kuna anayekumbuka? Mwanzoni mwa miaka ya 80 mafuta yalipoadimika, gari binafsi ikikutwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana ni kosa. Sisi tulitoka harusini Morogoro, baba anaendesha Peugeot 504 huku anatazama saa kuliko barabara. Saa nane kasoro dakika tano tuko Kibaha. Baba akaegesha kando ya duka lililofungwa, akazima, akasema "tumefika." Tulilala humo sita, na keki ya harusi magotini. Alfajiri ya Jumatatu akawasha kwa mara moja tu. Mimi nataka kitabu cha 504 kilichoandikwa na waliolala ndani yake.

MamaWawili

Keki mliila?

BintiPeugeot

Saa tatu usiku ilikuwa historia.

Cruza70

Na wa kuandika Nyumbu ya Kibaha yuko wapi? Lori la kwetu kabisa, la jeshi letu.

KijanaWaVoi

Na gari letu la Kenya, Nyayo Pioneer. Moi aliagiza 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi kikashughulika, 1990 zikaonyeshwa, gari 5, zikafika km 120 kwa saa. Waliofunga zile injini wengine wako hai. Aende mtu na kinasa sauti.

DarKwaGari

Hapo nipo na wewe, jirani. Mimi niongezee mabasi ya Ikarus kumbakumba ya UDA, shirika la usafiri la Dar, na zile daladala za chai maharage, tumekaa tunatazamana magoti kwa magoti.

Bolojointi

Tukiandika mtanunua? Au kitasambaa PDF kabla mwandishi hajala?

FundiMbishi

Mimi nauza sura kwa sura, pale pale gereji, pamoja na oili.

Cruza70

Mleta uzi, ushauri wa bure: mafuta ya CVT usiyaguse tena maisha yako yote.

FundiMbishi

Usimsikilize. Badilisha kila km 40,000, ila ya CVT yenyewe, na upimwe ujazo gari ikiwa na joto lake.

MamaWawili

Uza, nunua ya gia za mkono.

BintiPeugeot

Nunua punda.

MjukuuWaTabora

Nimeongea na kaka. Daftari liko kwake Urambo, mchwa wamekula jalada tu. Mwezi ujao nalifuata, nitapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Msinitumie meseji za "vipi mkuu" kila siku.

NilikaaYokohama

Wakuu nimechelewa. Mleta uzi, ukiwasha hiyo Fielder asubuhi kuna mama anaongea Kijapani?

GiaYaTatu

Kila siku! Sauti ya upole kabisa. Nilimzoea.

NilikaaYokohama

Anakwambia hujaweka kadi ya kulipia barabara.

GiaYaTatu

Miaka mitatu namjibu "na wewe pia, mama."