Kuitambua filamu mashuhuri kwa lawama za mteja: kidokezo kipi ni cha haki?

Mtegaji
Ndugu wapenzi wa filamu, ninaandaa mchezo wa kubashiri ambamo mchezaji husomewa maoni ya mteja aliyeipa filamu mashuhuri nyota moja, kisha huitaja filamu yenyewe. Kinachonishinda ni kuchagua, kwa sababu maoni mengi husema tu kwamba filamu ni mbaya na fedha zimepotea, maneno yanayoweza kubandikwa kwenye filamu yoyote, ilhali machache yanayobaki hufichua jibu papo hapo. Haya matatu nimeyatunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa wateja hao, nami naomba mniambie kama ni ya haki.

La kwanza: "Nililipa nimwone papa. Kwa zaidi ya saa moja nimeonyeshwa maji."
La pili: "Wanaume 12 wamefungiwa katika chumba chenye joto wakibishana, na ndiyo filamu nzima hiyo."
La tatu: "Nilikwenda kwa ajili ya mwigizaji mmoja tu, naye akauawa kabla filamu haijafika katikati."

Msomaji wa Usiku
La kwanza ni Jaws ya mwaka 1975, na kwangu ndilo bora, kwa kuwa mteja analalamikia jambo la kweli kabisa. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, hivyo Steven Spielberg akalazimika kuijenga hofu kwa muziki wa John Williams na uso wa bahari badala ya mnyama mwenyewe. Kilichomchosha mteja huyo ndicho kilichowatia wengine hofu ya kuogelea, na vidokezo vyote ningevitafuta hapohapo. La pili limejitegua lenyewe, maana idadi ya wanaume imo katika jina la filamu, 12 Angry Men ya Sidney Lumet. Iondoe namba, ukiache chumba na joto lake.

Pazia Jekundu
Kuhusu namba nakubali, lakini la tatu linanisumbua zaidi. Hiyo ni Psycho ya mwaka 1960. Alfred Hitchcock alitaka kifo cha mhusika wa Janet Leigh kimshtue kila mtazamaji, hata akaagiza kwamba majumba ya sinema yasimruhusu mtu yeyote kuingia baada ya filamu kuanza. Asiyeitazama bado, akikisikia kidokezo chako, ananyang'anywa mshtuko huo na hakuna namna ya kumrudishia. Umri wa filamu hauhalalishi jambo hilo, kwa kuwa kila siku yupo anayeitazama kwa mara ya kwanza. Afadhali mteja alalamike kwamba mwenye nyumba ya wageni hana mazungumzo mengine ila mama yake na ndege aliowakausha.

Mtazamaji Mtulivu
Ninaongeza tahadhari moja: nyota moja nyingi hazihusu filamu, bali diski iliyokwaruzika au kifurushi kilichochelewa, nazo uziweke kando mapema. Lawama ninayoithamini kuliko zote ni ya watazamaji wa jijini Liverpool ambao, mapema mwaka 2012, waliomba kurudishiwa kiingilio baada ya kugundua kwamba The Artist ni filamu bubu. Lawama ya namna hiyo ni fupi, ni ya kweli, na haigusi hadithi hata kidogo. Hata hivyo, filamu bubu ni nyingi, kwa hiyo mteja wako anapaswa kushangaa kwamba mwaka 2011 bado kuna mtu anayetengeneza filamu ya aina hiyo. Bila mwaka, mchezaji ataokota jibu lolote la zamani.

Mtegaji
Nawashukuru sana. Namba nimeiondoa, na la tatu nimelifuta kabisa, kwani sikuwa nimemfikiria mtu ambaye bado hajaitazama. Badala yake nimeandika hili: "Nimesubiri karibu nusu saa mtu aseme neno la kwanza, na kabla ya hapo nimetazama nyani wakigombea maji."

Pazia Jekundu
Ni 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968. Usiyaondoe maji wala ule ukimya, kwa sababu nyani peke yao wangenipeleka kwenye Planet of the Apes, iliyotoka mwaka huohuo.