Wajumbe wa kamisheni ya ligi ya raga Australia: wachaguliwe na nani?

Jicho la Mwewe:
Wakuu, mnaofuatilia NRL (ligi kuu ya raga Australia) tulimalize hili leo. Kamisheni ya ligi ya raga Australia (ARLC) ilianza kazi 10 Februari 2012. Kabla ya hapo ligi ilikuwa na mabwana wawili: nusu ya chama cha ARL, nusu ya kampuni ya habari ya News Limited. Ndoa hiyo ilifungwa mwishoni mwa 1997 baada ya vita vya Super League, ligi pinzani iliyoanzishwa na News. News ikajitoa, wakawekwa wajumbe 8 walioitwa "huru". Wanachama wa kamisheni ni vilabu vyenyewe pamoja na vyama viwili vya majimbo, New South Wales na Queensland.
Swali: vilabu vipewe viti vyao mezani, au wajumbe wote watoke nje? Mimi nasema watoke nje. Mwenye timu akiingia kwenye kikao cha kugawa fedha za matangazo, ni kumkabidhi fisi bucha.

Kocha Mbishi:
Fisi ni nani hapo? Vilabu ndivyo vinavyolipa wachezaji, vinalea vijana, vinajaza viwanja. Halafu aje mtu wa bodi za mashirika ambaye hajawahi kukabwa hata mara moja awaambie watatumia fedha vipi. Katika wale 8 wa kwanza, aliyecheza mpira ni Wayne Pearce peke yake. Wengine wote watu wa tai.

Bi Shughuli:
Kocha, hapo umeingia chaka. Mwenyekiti wa kwanza mwenyewe, John Grant, aliichezea Queensland na Australia miaka ya 1970, ndipo akaenda kwenye biashara ya kompyuta. Tai ameivaa baada ya jezi.
Na hao wengine hawakuokotwa. Gary Pemberton alishakuwa mwenyekiti wa Qantas. Chris Sarra ni mtu wa elimu na ni mwenyeji asilia wa Australia, kwenye mchezo uliojaa wachezaji wenyeji asilia. Catherine Harris ni mfanyabiashara. Bodi inapangwa hivyo: unaandika kwanza ujuzi unaotakiwa (fedha, sheria, matangazo, mchezo wenyewe, jamii), unaangalia nani anashika kipi, pengo likionekana ndipo unatafuta mtu. Ukianza na majina, utapata watu sita wanaojua kitu kimoja.

Kocha Mbishi:
Wawili kati ya wanane. Hoja yangu iko palepale.

Nyundo ya Kigamboni:
Mnaotetea viti vya vilabu mmesahau 2010? News ilikuwa na nusu ya ligi, wakati huohuo inamiliki Melbourne Storm yote na hisa nyingi za Brisbane Broncos. Aprili 2010 ikabainika Storm walikuwa na vitabu viwili vya mikataba, kimoja cha kuonyesha ligi na kingine cha malipo halisi, ili waonekane wako chini ya kikomo cha mishahara, yaani jumla ya juu kabisa klabu inayoruhusiwa kulipa wachezaji. Wakanyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009, faini dola 500,000, na msimu ule wakacheza bila kupewa pointi. Mwenye klabu ndiye mwenye nusu ya ligi inayoikagua klabu. Na alikuwa na mkono kwenye televisheni inayonunua mechi. Hapo ukaguzi utakuwa na meno gani?

Kocha Mbishi:
Mkuu, waliokamatwa walikamatwa na wakaguzi wa ligi ileile yenye nusu ya News. Kwa hiyo meno yalikuwepo. Umejipiga mwenyewe na nyundo yako.

Mwana wa Ngong Road:
Samahani, hii ni ile raga ya Shujaa wetu wa Kenya ama ni ingine? Naona mnasema ligi ligi.

Nyundo ya Kigamboni:
Ni nyingine. Wachezaji 13, hakuna kurusha mpira pembeni kwa kupanga mistari, ukikabwa mara sita unautoa mpira. Walijitenga na raga yenu 1895 kule Huddersfield, Uingereza, kwa sababu wafanyakazi wa viwandani na migodini walitaka kulipwa siku za kazi walizokosa wakicheza, na wakubwa wa London wakakataa. Yenu ni ile ya mabwana.

Mwana wa Ngong Road:
Ya mabwana? Shujaa walipowafunga Fiji fainali ya Singapore 2016 walikuwa mabwana gani? Nimeuliza kwa heshima, unaleta dharau. Hiyo yenu nje ya Sydney na Brisbane nani anaijua?

Nyundo ya Kigamboni:
Papua New Guinea wanaijua, ndio mchezo wao wa taifa, na wanaingiza timu NRL 2028. Kaskazini mwa Uingereza wanaijua. Soma kwanza.

Bi Shughuli:
Jamani. Hata huo ugomvi unahusu mada: mchezo ulizaliwa kwa kugombana ni nani anashika fedha. Tuendelee.

Wakili wa Kona:
Mnagombania mlango wa kuingilia. Mimi naangalia mlango wa kutokea.
ARLC ni kampuni ya dhamana, haina hisa, lakini kisheria ni kampuni ya umma. Sheria ya Makampuni ya Australia ya 2001, kifungu cha 203D, inasema wanachama wanaweza kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, hata katiba ya kampuni ikisema vinginevyo. Notisi ya kusudio ni miezi 2. Kifungu cha 249D kinawapa wenye asilimia 5 ya kura haki ya kudai mkutano: wakurugenzi wana siku 21 za kuuitisha, na lazima ufanyike ndani ya miezi 2 tangu dai lilipowasilishwa.
Sasa piga hesabu. Vilabu 17 na majimbo 2 ni 19. Kwa kura moja moja, kila mwanachama ana asilimia 5 na ushee. Klabu moja iliyokasirika inaweza kudai mkutano peke yake. Kura 10 wote wakipiga, mjumbe yuko nje. Kubadili katiba ndiko kugumu: robo tatu ya kura, yaani 15 kati ya 19. Na wajumbe wenzake hawawezi kumtoa, 203E inakataza.
Kwa hiyo mjumbe anaweza kuwa huru siku ya kuteuliwa, akawa mateka siku ya kugawa fedha.

Jicho la Mwewe:
Wakili, ndiyo maana nasema vilabu visiongezewe nguvu. Tayari wanazo.

Kocha Mbishi:
Mateka wa nani? 2015 kamisheni iliahidi kila klabu mgao wa fedha sawa na asilimia 130 ya kikomo cha mishahara. Novemba 2016 ikarudi nyuma. Klabu imeshasaini wachezaji na kupanga bajeti kwa ahadi hiyo, halafu unaambiwa subiri. Wenyeviti wa vilabu wakatoka kikaoni, wakataka kichwa cha Grant. Wangefanya nini kingine? Kungekuwa na watu wao wawili mezani, ahadi ile isingevunjwa kienyeji.

Wakili wa Kona:
Au isingetolewa kabisa. Ile asilimia 30 ya juu ndiyo ya kuendesha klabu: makocha, madaktari, ofisi, usafiri. Fungu hilohilo ndilo linalogombaniwa na raga ya mashinani, shule na majimbo. Watu wa vilabu wakikaa mezani, wa mashinani hana kura pale. Majimbo yanajua hilo, ndiyo maana kwenye mazungumzo ya katiba ya 2017 nao walidai sauti yao pembeni ya vilabu.

Mkeka Uliochanika:
Mnazunguka mbuyu. Huru, huru, huru, mwenyekiti wa kamisheni Peter V'landys ni mtendaji mkuu wa Racing NSW, mbio za farasi, tangu 2004. Mchana anauza farasi kwa kampuni za kubeti, jioni anaongoza ligi inayouza mechi kwa kampuni zilezile. Huo uhuru uko wapi?

Nyundo ya Kigamboni:
Huyo "bosi wa farasi" ndiye aliyerudisha ligi 28 Mei 2020 wakati michezo karibu dunia nzima imelala. Ilisimama Machi baada ya raundi mbili tu, vilabu havina akiba, televisheni inasita kulipa. Akakaa na televisheni za Nine na Foxtel, ligi ikarudi na mwamuzi mmoja na sheria mpya ya kuanza upya hesabu ya kukabwa. Ungempa nani kazi ile, padri?

Mkeka Uliochanika:
Sijasema hajui kazi. Nimesema si huru. Na ile asilimia 1.5 anayowakata kampuni za kubeti kwenye mechi mbona hamuisemi?

Wakili wa Kona:
Hiyo si ya mechi, ni ya farasi. Racing NSW iliwatoza kampuni za kubeti asilimia 1.5 ya mauzo, Betfair na Sportsbet wakaenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Australia ikawakatalia 2012. Na angalieni neno mauzo. Wateja wakiweka dola 100, chama kinapata dola 1.50, kampuni ipate au ikose. Ada ikiwa ya faida, tuseme asilimia 10, na kampuni imebakiwa na dola 8 kwenye ile 100, chama kinaambulia senti 80. Kampuni za kubeti zenye fungu dogo la faida, kama Betfair, ndizo zilizolia zaidi.
Ligi nayo inatoza ada yake kwa kampuni hizo. Mteja ni mmoja, dola yake ikienda kwa farasi haiji kwenye raga. Huo ndio mgongano wenyewe. Kifungu cha 195 kinasema mkurugenzi mwenye maslahi binafsi mazito asiwepo chumbani wala asipige kura jambo hilo likijadiliwa, isipokuwa wenzake wapitishe azimio la kumruhusu.

Kocha Mbishi:
"Isipokuwa wenzake wapitishe azimio." Hahaha. Na wenzake ni akina nani?

Mkeka Uliochanika:
Na mshahara wa Racing NSW ni "maslahi binafsi mazito" au sio? Jibu ndiyo au hapana.

Wakili wa Kona:
Inategemea ajenda. Ratiba ya Jumamosi, hapana. Ada ya kubeti, mimi ningemtoa nje, na ningeandika kwenye kumbukumbu saa aliyotoka na saa aliyorudi. Makosa huwa hapo: mtu anatangaza maslahi mwanzo wa mwaka kwenye daftari, halafu anabaki kitini mwaka mzima kana kwamba kutangaza ni kusafishwa.

Bi Shughuli:
Mnaotaka vilabu viamue, tazameni Uingereza. 2025 vilabu vilibana bodi ya RFL, chama cha ligi ya raga cha kule, mwenyekiti Simon Johnson akaondoka, akarudishwa Nigel Wood aliyekuwa mtendaji wao mpaka 2018. Wakati kanuni ya uongozi wa michezo kule, kwa chama kinachochukua fedha nyingi za umma, inataka angalau robo ya bodi wawe huru na mtu asikae zaidi ya miaka 9. Kanuni ipo, vilabu vikikasirika bodi inapukutika.

Kocha Mbishi:
Na pengine ilistahili kupukutika. Mnaongea kana kwamba klabu ikikasirika imekosea.

Jicho la Mwewe:
Basi nijibu hili, Kocha. Klabu ya Dolphins iliruhusiwa 2021 kuwa timu ya 17, ikaanza 2023. Vilabu 16 vingekuwa ndio wapiga kura wa mwisho, nani angeinua mkono keki ikatwe vipande 17?

Kocha Mbishi:
Wangeinua kama televisheni inaongeza fedha. Watu wa vilabu wanajua hesabu kuliko ninyi.

Mwana wa Ngong Road:
Bado nasubiri mtu aombe radhi kuhusu hiyo ya mabwana.

Nyundo ya Kigamboni:
Subiri kaka.

Mkeka Uliochanika:
Wakili hajajibu ndiyo au hapana.